Njaa ya umeme: kutibu diski, modemu na saundi kadi za USB zinazokatika ovyo

Kabla hujagusa mpangilio wowote kwenye kompyuta, tega sikio kwenye diski. Diski yenye mota, ikipata umeme unaoitosha, hutoa mlio mwembamba unaopanda taratibu kisha unatulia, kama feni iliyowashwa chumba cha pili. Ikiwa na njaa utaisikia inajaribu kupanda, inashindwa, inagonga "tk", inaanza upya. Inapanda, inagonga, inapanda, inagonga.

Mzee mmoja wa Chumbageni aliniletea diski ya namna hiyo kibandani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga. Ndani ya kikapu chake mlikuwa na laptopu, deki ya kanda, saundi kadi ndogo ya USB (kile kidude cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) na hiyo diski. Alikuwa anahamisha kanda zake za taarabu, za vikundi vya Black Star na Lucky Star, zile ambazo Tanga ilizisikiliza kabla mimi sijazaliwa, ziingie kwenye kompyuta kabla utepe haujashikana. Fundi wa mwanzo alikuwa amemwambia diski imekufa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Humo mna kanda thelathini nilizokwisha kuhamisha, na kanda zenyewe nyingine zimeshakatika. Nitazamie vizuri."

Nikachomoa kebo yake nyeusi ya mita mbili, nikaweka yangu ya sentimita thelathini. Diski ikapanda, ikatulia, mafaili yote yakaonekana.

Kwa ajili ya kanda hizo ndiyo nimeandika mwongozo huu. Kila diski inayotupwa kwa kudhaniwa imekufa inaondoka na harusi ya mtu, hesabu za duka, sauti ya marehemu. Na kazi ya kuitambua njaa ya umeme haihitaji fundi. Inahitaji mpangilio mmoja tu wa kufikiri: anza na waya, malizia na programu. Watu wengi huanza kinyume, wanashinda siku nzima kwenye mipangilio ya Windows ilhali kosa liko kwenye kebo ya sokoni.

Hatua ya 1: Uzuie mkono wako

Diski ikikatikakatika, kompyuta huanza kukushauri mambo ya hatari. Windows itakuambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Bonyeza "Cancel". Itakuambia kuna hitilafu, ikutafutie na kurekebisha. Kataa pia, kwa sasa. Programu ya kurekebisha diski, kwa mfano chkdsk, huandika upya orodha za mafaili. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, jeraha dogo linakuwa kubwa. Marekebisho yanangoja mpaka diski itulie kwenye umeme mzuri, na hata hapo nakili kwanza vitu vyako mahali pengine.

Usichomoe na kuchomeka mara ishirini kwa hasira. Kila jaribio linaamsha mota na kuikatisha tena.

Hatua ya 2: Tazama kinakatika wakati gani

Hapa ndipo penye siri yote, na ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kila anayekuja na kifaa cha USB: kinapotea wakati gani?

Kikipotea papo hapo unapochomeka, au kisionekane kabisa, shaka ya kwanza ni kebo, tundu au upungufu wa umeme wa kuanzia.

Kikionekana vizuri lakini kikapotea unaponakili faili kubwa au kurekodi, volti zinashuka kazi inapokuwa nzito. Hapo pia ni kebo, au habu (kile kigawanyo chenye matundu mengi ya USB) iliyobebeshwa vingi.

Kikipotea baada ya kukaa kimya dakika kadhaa, au baada ya laptopu kuamka usingizini, kebo yako huenda haina kosa. Kompyuta ndiyo inayokilaza kifaa ili kuokoa betri. Huyo pekee ndiye mgonjwa wa kuanza naye kwenye mipangilio.

Kikipotea ukiitikisa kebo kidogo, hiyo haina mjadala: tundu limelegea au kichwa cha kebo kimechoka.

Andika jibu lako kwenye karatasi. Nasema kweli. Ukishabadilisha vitu vitatu utasahau ulianzia wapi.

Hatua ya 3: Jua kinakula kiasi gani

Umeme wa USB ni volti 5. Kinachotofautiana ni mkondo. Tundu la USB 2.0, utaratibu uliotoka mwaka 2000, linakipa kifaa kimoja hadi miliampia 500, yaani wati 2.5. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha hadi miliampia 900, wati 4.5, na mara nyingi utaitambua kwa plastiki ya bluu ndani ya tundu. Tundu la Type-C linaweza kutoa ampia 1.5 au 3 kwa volti hizohizo 5. Utaratibu wa Power Delivery, ambao ndio unaochaji laptopu, unafika wati 100, na toleo la mwaka 2021 limefika wati 240. Lakini usione tundu la Type-C ukadhani lina wati mia ndani yake: umbo la tundu ni jambo moja, na nguvu aliyoiweka mtengenezaji nyuma yake ni jambo lingine.

Tena kuna adabu ya kubisha hodi. Kifaa kikichomekwa kwenye USB 2.0 kinatakiwa kivute miliampia 100 tu, kijitambulishe, kiseme kinahitaji kiasi gani, kisubiri kuruhusiwa. Kwenye USB 3.0 kiwango hicho cha mlangoni ni miliampia 150. Ndiyo maana kuna kifaa kinachowasha taa vizuri lakini kompyuta hakioni: umeme wa mlangoni umekitosha taa, haukukitosha kazi.

Sasa walaji wenyewe. Diski ndogo ya inchi 2.5, hii tunayobeba mkobani na wengi kuiita eksteno, huvuta karibu ampia 1, yaani miliampia 1000, kwa muda mfupi mota inapoanza, kisha inashuka hadi nusu ya hapo au chini yake. Ona basi: kwa muda huo mfupi imevuka hata kiwango cha USB 3.0. Tundu zima linaivumilia, tundu dhaifu linaikatalia. Diski kubwa ya inchi 3.5 inahitaji pia volti 12, kwa hiyo lazima iwe na adapta yake. Adapta ikipotea, hakuna tundu la USB la kuifufua. Flashi haina shida. Modemu ya kuchomeka hula kidogo ukiwa karibu na mnara, na hula zaidi mtandao ukiwa hafifu, kwa sababu inapaza sauti ili isikike. Saundi kadi yenye kitufe cha 48V hubadilika ghafla ukikibonyeza kulisha maikrofoni ya kondensa, kwa kuwa hizo volti 48 zinatengenezwa kutokana na zilezile 5 za USB. Wanaorekodi kaswida na mawaidha wanalijua hili: kila kitu sawa mpaka kitufe kile kibonyezwe.

Hatua ya 4: Badilisha kebo kabla ya kitu kingine chochote

Soma maandishi madogo kwenye ngozi ya kebo. Nyingi zina namba kama 28AWG/1P na 24AWG/2C. Namba ya kwanza ni waya za data, ya pili ni waya za umeme. Namba ikiwa ndogo, waya ni mnene. Kebo za bei ya chini huwa na 28 pande zote mbili, au hazina maandishi kabisa.

Tufanye hesabu. Waya wa 28 una ukinzani, yaani kuzuia umeme usipite, wa karibu omu 0.21 kwa mita. Kebo ya mita 2 ina mita 4 za waya, maana umeme huenda na kurudi: karibu omu 0.85. Diski ikivuta miliampia 900, volti 0.77 zinaishia njiani. Kompyuta imetoa 5, diski imepokea 4.23. Ile ampia 1 ya kuanzia nayo inaishusha zaidi. Waya wa 24 kwa urefu huohuo ungepoteza volti 0.3 tu. Na hata huo mwembamba wa 28, ukiwa na nusu mita, unapoteza chini ya volti 0.2. Kebo ya yule mzee haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa ndefu na nyembamba.

Kwa hiyo tafuta kebo fupi, ya nusu mita au chini, nene kidogo mkononi. Ondoa ekstensheni ya USB. Usitumie kebo iliyokuja na taa au feni ya kuchaji, kwani nyingine zina waya mbili tu za umeme na hazina za data. Kifaa kitawaka na hakitaonekana milele.

Ukiwa unafanya kazi hii mara kwa mara, nunua kipimo kidogo cha USB, kile cha kuchomeka katikati ya tundu na kebo, chenye kioo cha volti na ampia. Kiweke upande wa kompyuta, washa diski, nakili faili kubwa, tazama volti. Zikishuka chini ya 4.75 hapo hapo mlangoni, tundu au habu ndiyo dhaifu. Zikibaki juu ya 4.75 na diski bado inagonga, huenda umeme unapotea baada ya kipimo, yaani kwenye kebo. Kipimo hicho kimeniokolea muda kuliko kifaa chochote nilichonacho mezani.

Hatua ya 5: Tundu, na chumvi yetu

Jaribu tundu jingine, upande mwingine wa laptopu. Matundu mawili yaliyo jirani mara nyingi hulishwa na njia moja, kwa hiyo kuhamia la pembeni yake huenda kusibadilishe lolote. Kwenye kompyuta ya mezani, achana na matundu ya mbele. Yale yanafika ubaoni kwa waya wa ziada ndani ya kasha. Zunguka nyuma, chomeka kwenye ubao wenyewe.

Sisi wa pwani tuna mgeni wa ziada. Kompyuta inayokaa nyumba ya Raskazone madirisha wazi, au ofisi inayotazama bandari, inakula hewa ya chumvi mchana na usiku. Chukua tochi uchungulie tundu: ukiona ukijani au weusi kwenye vile vibati vya ndani, hiyo ni kutu, na kutu ni ukinzani, hesabu ileile ya waya mwembamba. Zima kompyuta, chomoa chaja. Lowesha kidogo pamba iliyosokotwa kwenye kijiti kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa kichwa cha kebo, kisha tundu. Acha pakauke dakika kumi. Tundu la Type-C hujaa nyuzi za mfukoni. Zitoe kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe si sindano wala pini, na usiweke mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Nimeshaletewa tundu lililotiwa mafuta ya nazi. Vumbi lote la barabarani lilikuwa limeganda humo.

Hatua ya 6: Mpe mlaji chakula chake

Vifaa vikiwa viwili au vitatu, suluhisho la heshima ni habu yenye adapta yake ya ukutani. Habu isiyo na adapta haiongezi umeme. Inagawa ule uleule. Ukichomeka diski, saundi kadi na modemu kwenye habu kavu iliyo kwenye tundu la USB 2.0, watatu hao wanagombania miliampia 500.

Kabla ya kununua soma adapta. Iliyoandikwa volti 5 ampia 2 ina wati 10. Diski moja inayoanza, saundi kadi na modemu wataenea. Diski mbili zikianza kwa pamoja zitakuwa zimeimaliza yote, basi washa moja, ngoja itulie, ndipo uchomeke ya pili. Adapta ya ampia 3 au 4 ni bora zaidi. Adapta ya volti 12 usiiweke kwenye habu ya volti 5 hata kama kichwa kinaingia, utaunguza vyote kwa mara moja.

Habu nyingine za bei ya chini zina ubaya wa kurudisha umeme ndani ya kompyuta. Jaribio lake ni jepesi: zima kompyuta ya mezani, ichomoe ukutani, acha habu na adapta yake. Taa ya ubao au ya kibodi ikibaki inawaka, umeme unarudi nyuma. Irudishe dukani.

Kuna pia kebo yenye vichwa viwili upande wa kompyuta, inayovuta kwenye matundu mawili. Haimo kwenye utaratibu rasmi wa USB, lakini kwa laptopu ya zamani na diski moja imesaidia wengi, pamoja na mimi. Ichukulie kama fimbo ya kutembelea.

Jambo moja kuhusu umeme wa ukutani: laptopu ina betri inayokinga, habu haina. Umeme ukiyumba jioni, taa zikififia, habu nayo inazimika kwa muda mfupi na diski inapotea, wakati laptopu haijahisi kitu. Ukikata video za harusi usiku, weka habu kwenye UPS (betri ya akiba ya ukutani) pamoja na kompyuta.

Windows

Sasa ndiyo tunafungua mipangilio. Ukiona ujumbe "Power surge on the USB port", kifaa kimevuta kupita kiasi na tundu limefungwa. Chomoa kila kitu cha USB, kisha zima kompyuta huku umeshikilia Shift unapobonyeza "Shut down". Kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi si kuzima kamili, kwa sababu ya mpango wa kuwasha haraka. Hali ya zamani inahifadhiwa na kurudishwa. Washa tena, chomeka kimoja kimoja. Ujumbe ukirudi kwa kifaa kilekile kwenye kompyuta mbili tofauti, kifaa hicho kina shoti.

Hitilafu ya Code 43 kwa kifaa cha USB mara nyingi maana yake kifaa kilibisha hodi kikashindwa kujitambulisha. Rudi hatua ya 4 kwanza.

Kwa kifaa kinachopotea kikikaa kimya, fungua "Device Manager", panua "Universal Serial Bus controllers", bofya mara mbili kila "USB Root Hub", nenda "Power Management", ondoa tiki kwenye kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Baadhi ya laptopu mpya hazina kichupo hicho, usihangaike kukitafuta. Halafu fungua "Power Options" kwenye Control Panel, ingia mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, tafuta "USB selective suspend setting", weka "Disabled" kwa chaja na kwa betri. Hapohapo kuna "Turn off hard disk after". Ukirekodi kwa saa nzima moja kwa moja kwenye diski, weka "Never". Hizi tatu zinamaliza karibu kila tatizo la usingizi.

Ukitaka ushahidi, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

powercfg /energy

Itachunguza kwa sekunde 60 na kukuachia ripoti inayofunguka kwenye kivinjari, ikitaja vifaa vya USB vinavyosumbua usingizi wa kompyuta.

Mac

Mac inasema wazi. Vifaa vikivuta kupita kiasi hutokea ujumbe kwamba vifaa vya USB vimezimwa, na kwamba uchomoe kile kinachotumia umeme mwingi. Kwa Mac zenye prosesa ya Intel, shikilia kitufe cha Option, bofya nembo ya tufaha, chagua "System Information", kisha "USB". Kwa kila kifaa utaona miliampia zilizopo na zinazotakiwa. Zinazotakiwa zikizidi zilizopo, umepata jibu bila kubahatisha. Kumbuka tu kwamba hiyo ni namba ambayo kifaa kimejitangazia, na kuna vifaa vinavyojitangazia kidogo kuliko vinavyokula.

Kwenye laptopu za Mac zenye prosesa ya Apple, tangu mfumo wa Ventura wa mwaka 2022, kifaa kipya lazima kiruhusiwe. Ukibofya kukataa bila kusoma, kitaendelea kupata chaji lakini hakitaonekana. Watu hudhani ni umeme. Rekebisha kwenye "Privacy & Security", sehemu ya vifaa vya kuunganisha. Kwa usingizi wa diski, tafuta kwenye mipangilio ya betri chaguo la kulaza diski inapowezekana, lizime.

Linux

Kwa upande wa uchunguzi huu ndio mfumo ninaoupenda, maana hauna siri. Fungua terminali, andika:

sudo dmesg -w

Kisha chomeka kifaa na usome kinachopita. Ukiona "over-current", tundu limelalamika. Ukiona "device descriptor read" ikifuatiwa na error -71 au -110, mazungumzo yamekatika njiani, kebo. Ukiona "insufficient available bus power", kifaa kimeomba kuliko kilichopo, kwa kawaida kwenye habu kavu. Na ukiona "USB disconnect" kila unaponakili, volti zinaanguka.

Kiasi ambacho kila kifaa kinaomba kinaonekana hivi:

sudo lsusb -v | grep -E "idVendor|idProduct|MaxPower"

Usingizi wa USB kwa kawaida huanza baada ya sekunde 2 za ukimya kwa vifaa vilivyoruhusiwa kulala. Kuuzima kwa majaribio:

echo -1 | sudo tee /sys/module/usbcore/parameters/autosuspend

Hiyo inagusa vifaa utakavyochomeka baada ya hapo, na inafutika ukiwasha upya. Ikisaidia, iweke ya kudumu kwa kuongeza usbcore.autosuspend=-1 kwenye mstari wa kuwashia karneli (kiini cha mfumo). Kama una TLP, programu ya kuokoa betri, ndiye mlazaji mkuu: fungua /etc/tlp.conf, weka USB_AUTOSUSPEND=0. Anayetumia powertop, programu nyingine ya kuokoa umeme, na kuiachia ijipange yenyewe ajue kwamba nayo inalaza USB.

Wenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, andikeni vcgencmd get_throttled. Jibu 0x0 ni salama. 0x50000 maana yake volti zilishuka wakati fulani tangu iwashwe, na 0x50005 maana yake zimeshuka hata sasa. Pi 4 inagawa ampia 1.2 kwa matundu yake yote ya USB kwa jumla, na Pi 5 inagawa miliampia 600 tu ikilishwa na adapta ya ampia 3. Ipe adapta yake ya ampia 5 nayo inafika 1.6. Chaja ya simu haifai.

Simu

Simu inaweza kulisha flashi, msomaji wa kadi, kibodi. Diski yenye mota ni bahati nasibu, na betri inaisha upesi. Oppo na jamaa zake huhitaji uwashe OTG (ruhusa ya simu kulisha vifaa vya USB) kwenye mipangilio, na baada ya kama dakika kumi za ukimya inajizima. iPhone 15 ya mwaka 2023 na za baada yake zinatoa hadi wati 4.5 kwenye Type-C. Kwa zile za kabla yake tafuta adapta yenye mlango wa pili wa chaja. Kwa simu yoyote, habu yenye adapta yake inamaliza ubishi.

Yasiyo ya umeme

Mara nyingine dalili zinafanana na njaa na sivyo. Mausi isiyo na waya ikigandaganda kila unapochomeka diski ya USB 3, ni mawimbi: USB 3 ikifanya kazi inapiga kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya mausi. Sogeza kipokezi chake mbali, hata kwa ekstensheni fupi, kitapona.

Na kama umeweka kebo fupi nene, tundu la nyuma au habu yenye adapta, kipimo kinaonyesha volti nzuri, na diski bado inagonga "tk, tk", basi hapo mgonjwa ni diski yenyewe, huenda vichwa vya kusomea. Chomoa. Usiijaribu tena usiku huo, wala usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana mitaani. Kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani.

Ukiileta kwa fundi, beba na kebo yake, adapta yake, habu yake na ile karatasi ya hatua ya 2. Wengi huniletea diski peke yake, naichomeka kwenye kebo yangu, inafanya kazi, wanakwenda nayo nyumbani wanairudisha kwenye kebo ileile. Yule mzee nilimpa kebo fupi na habu ya ampia 3, saundi kadi nikaichomeka peke yake kwenye tundu la upande wa pili. Kebo yake ndefu nikaizungushia utepe mwekundu na kuandika "chaji tu", maana kwa kuchajia simu bado ni nzima.